Kumchagulia Jirani Mfumo Endeshi wa Kompyuta

Chanji ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Sumbawanga, mkoani Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa, ambako mwinuko unakaribia meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Wakazi wa uwanda huo hulima mahindi, maharage, ulezi na ngano, na wale wa mjini hufanya pia biashara na kazi za ofisi. Kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, kompyuta imekuwa chombo cha kazi cha kila siku. Walimu huitumia kuandaa mitihani na kujumlisha matokeo. Wenye maduka ya steshenari huitumia kuchapa barua na kutoa nakala. Makatibu wa vyama vya ushirika huitumia kutunza hesabu za pembejeo na mazao.

Aghalabu kompyuta hizo si mpya. Nyingi zilitumika kwanza ng'ambo, katika ofisi na shule za huko, kisha zikaingizwa nchini, zikauzwa katika miji mikubwa, na mwishowe zikapakiwa kwenye basi kuelekea Sumbawanga. Zingali imara, na mtu aliyejinyima ili aipate moja hategemei kununua nyingine baada ya mwaka mmoja au miwili.

Tarehe 14 Oktoba 2025 jambo moja lilizigusa kompyuta nyingi za namna hiyo. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya mfumo wake uitwao Windows 10, uliokuwa umetumika tangu Julai 2015. Kesho yake kompyuta ziliwaka kama kawaida, barua zikachapwa, hesabu zikajumlishwa. Hapakuwa na dalili yoyote ya nje. Hata hivyo, kuanzia siku hiyo kila kasoro mpya ya usalama iliyogunduliwa katika mfumo huo ingebaki wazi kwa mtumiaji ambaye hakujiandikisha katika mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja, uliowekwa kwa watumiaji binafsi hadi Oktoba 2026.

Je, mwenye kompyuta kama hiyo afanye nini? Anunue nyingine, aendelee hivyo hivyo, au abadilishe mfumo? Kwa kawaida swali hilo halipelekwi kwa mtaalamu wa chuo kikuu. Hupelekwa kwa jirani, kwa mwalimu wa hisabati, au kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesifika mtaani kuwa "anajua kompyuta". Msaidizi huyo ndiye mhusika mkuu wa makala hii, kwa sababu jibu lake laweza kumwokolea mtu fedha nyingi, na laweza pia kumpotezea kazi ya miaka.

MFUMO ENDESHI NI NINI?

Kompyuta ni mkusanyiko wa sehemu nyingi: prosesa inayofanya hesabu, kumbukumbu ya muda ya kushikilia kazi inayoendelea, diski ya kuhifadhi mafaili, kibodi, kioo, printa na kadhalika. Sehemu hizo hazijui kushirikiana zenyewe. Mfumo endeshi ni jumla ya programu zinazozisimamia sehemu hizo na kuziwezesha programu nyingine, kama vile ya kuandikia au ya kupiga hesabu, zifanye kazi.

Linganisha na ghala la mahindi la chama cha ushirika. Wakulima wengi huleta magunia kwa wakati mmoja, wengine wanataka kuchukua, na mlango ni mmoja. Msimamizi wa ghala hufanya kazi nne. Kwanza hupanga zamu ili kila mtu ahudumiwe. Pili hugawa nafasi ili magunia ya mmoja yasilaliane na ya mwingine. Tatu huandika katika daftari kila gunia limewekwa wapi. Nne hushika funguo, asiingie asiyeruhusiwa. Mfumo endeshi hufanya kazi hizo hizo: hugawa zamu za prosesa, hugawa nafasi ya kumbukumbu, hutunza orodha ya mafaili katika diski, na hulinda ruhusa za kuingia.

Katika mfano huu, magunia ni kazi za mtumiaji na msimamizi ni mfumo. Mwenye magunia hamlipi msimamizi kwa ajili ya uzuri wa koti lake. Anachotaka ni kukuta mahindi yake salama siku anapoyahitaji. Vivyo hivyo, mtumiaji wa kawaida hahitaji mfumo unaosifiwa na mafundi. Anahitaji barua yake, orodha ya wanafunzi wake na hesabu zake.

KWA NINI MFUMO HUZEEKA

Chuma hushika kutu na mbao huliwa na mchwa, lakini programu haichakai kwa kutumiwa. Nakala ya Windows 10 ya mwaka 2015 ni ile ile kila herufi. Kinachobadilika ni ujuzi wa watu juu yake. Mfumo endeshi wa leo una mistari ya maagizo inayohesabiwa kwa mamilioni, na haiwezekani kazi kubwa namna hiyo kuandikwa na binadamu bila makosa. Baadhi ya makosa hayo ni kama tundu katika ukuta wa ghala: halionekani mpaka mwizi alipapase. Watengenezaji wanapoligundua huliziba kwa kutuma masahihisho. Wakiacha kutuma, matundu mapya hubaki wazi, na wezi huendelea kuyatafuta.

Mfano mashuhuri ni wa tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu haribifu iliyopewa jina la WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150. Iliyafunga mafaili ya kompyuta ilizoingia na kudai fidia ili yafunguliwe. Hospitali kadhaa za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Tundu lililotumiwa lilikuwa katika mifumo ya Windows, na masahihisho yake yalikuwa yametolewa tangu Machi 2017, yaani miezi miwili kabla. Walioathirika zaidi ni wale ambao hawakuyapokea.

Kwa hiyo, kuendelea na mfumo ulioachwa si kosa la papo kwa papo, bali ni hatari inayoongezeka kadiri siku zinavyopita. Hatari hiyo ni ndogo kwa kompyuta isiyounganishwa kamwe na mtandao wala kuingiziwa flashi ya mtu mwingine. Ni kubwa kwa kompyuta ya duka la steshenari, ambayo kwa siku moja huweza kupokea flashi za wateja ishirini. Wengi wa wateja hao wameshaona flashi iliyoambukizwa, ambamo mafaili yote yamefichwa na mahali pake pamewekwa njia za mkato zisizofunguka.

Watu wengine hujaribu kukwepa gharama kwa kuweka nakala ya Windows isiyo na leseni na kuifungua kwa programu za wizi. Mbali ya kuvunja sheria ya hakimiliki, ambayo Tanzania iliipitisha upya mwaka 1999, programu hizo zenyewe mara nyingi huwa ndizo zinazobeba virusi. Mtumiaji hujikuta amemkabidhi mwizi funguo ili amfungulie mlango.

MIFUMO ILIYO MBELE YA MSAIDIZI

Mfumo wa kwanza wa kufikiriwa ni Windows 11, uliotolewa Oktoba 2021. Mtumiaji aliyezoea Windows 10 huuelewa upesi, na karibu kila fundi wa mjini anaufahamu. Kikwazo ni masharti yake. Hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4 kwa uchache, diski ya gigabaiti 64, chipu ya usalama ya aina ya TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni. Kwa ujumla kompyuta zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi hazimo katika orodha hiyo, hata zikiwa zingali na nguvu. Hizo ndizo zilizojaa katika soko la kompyuta zilizotumika.

Mfumo wa pili ni Linux. Chimbuko lake ni kiini kilichoandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kiini hicho kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman wa Marekani mwaka 1983 kwa nia ya kuwapa watu mfumo ambao kila mmoja angeweza kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuugawa. Linux haina toleo moja. Vikundi mbalimbali huikusanya kwa namna zao. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imechukua jina lake kutoka neno la lugha za Kibantu za kusini lenye maana ya utu. Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu na kupangwa kwa sura ambayo mtu aliyetoka Windows huizoea kwa urahisi. Toleo lake la 22, la Julai 2024, limeahidiwa masahihisho hadi mwaka 2029. Hakuna ada ya leseni, na nakala moja iliyopakuliwa yaweza kuwekwa kihalali katika kompyuta zote za shule.

Linux si kitu kigeni kama inavyodhaniwa. Simu nyingi za mkononi zinazotumika Sumbawanga huendeshwa na Android, na kiini cha Android ni Linux. Mkulima anayepokea malipo ya mahindi kwa simu hiyo ameitumia kwa miaka bila ya kuambiwa jina lake.

Linux nayo ina mipaka. Baadhi ya programu za hesabu za biashara zimeandikwa kwa ajili ya Windows pekee. Printa na skana kadhaa hazina programu ya kuziendesha katika Linux. Na mafundi wanaoifahamu ni wachache.

MASWALI MANNE KABLA YA KUGUSA KIBODI

Wazee wa Ufipa walikuwa wayeyushaji mashuhuri wa chuma. Walijenga matanuri marefu ya udongo, yaliyofikia kimo cha meta tatu, ambayo yalivuta hewa yenyewe bila mivuo. Chuma kilichopatikana hakikuwa tayari kufuliwa jembe. Kilipelekwa katika tanuri dogo lenye mivuo, kikasafishwa. Matanuri hayo mawili hayakushindanishwa, kwa maana kila moja lilikuwa na kazi yake. Msaidizi wa kompyuta yafaa aanze na fikira hiyo hiyo. Asiulize mfumo upi ni bora, bali ni kazi gani inayotakiwa kufanywa. Maswali manne yatamwongoza.

Swali la kwanza: Mtumiaji hufanya nini hasa? Asikubali jibu la "natumia kompyuta kwa kazi za kawaida". Aketi kando ya mtumiaji na kumtazama akifanya kazi kwa nusu saa. Atagundua, kwa mfano, kwamba shughuli nyingi za ofisi za siku hizi hufanyika ndani ya kivinjari cha mtandao, na kivinjari ni kile kile katika Windows na katika Linux. Atagundua pia kwamba mwalimu wa taaluma ana lahajedwali la matokeo lenye maagizo maalumu yaliyoandikwa ndani ya Excel. Maagizo hayo huenda yasifanye kazi sawasawa katika LibreOffice, seti ya programu za ofisini ambayo hutolewa bure. Jambo dogo kama hilo ndilo linaloamua.

Swali la pili: Chombo chenyewe kina uwezo gani? Hapa msaidizi apime, asikisie. Atazame ukubwa wa kumbukumbu, aina ya prosesa na, zaidi ya yote, aina ya diski. Kompyuta nyingi zinazolaumiwa kuwa "nzito" zina diski ya sumaku inayozunguka, na hesabu ya fizikia ya sekondari yatosha kueleza tatizo. Diski ya kompyuta ndogo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 na kidogo. Kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri nusu ya mzunguko, karibu milisekunde 5.6, ili sehemu inayotakiwa ifike chini yake. Kabla ya hapo kichwa chenyewe lazima kisogee mahali pake, kazi inayochukua kiasi cha milisekunde 12. Jumla ni karibu milisekunde 18. Kwa hiyo diski hiyo haiwezi kusoma zaidi ya vipande 60 hivi vilivyotawanyika kwa sekunde moja, ilhali mfumo unapoanza huhitaji maelfu ya vipande. Diski ya silikoni, ambayo mafundi huiita kwa herufi SSD, haina kitu kinachozunguka, na huleta kipande kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja.

Hivyo basi, mara nyingi kubadili diski kunaongeza kasi kuliko kubadili mfumo. Msaidizi anayeweka Linux juu ya diski iliyochoka, kisha kompyuta ikaendelea kusuasua, atakuwa ameipa Linux sifa mbaya isiyostahili. Kwa upande mwingine, kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 au 4 hunufaika sana na matoleo mepesi ya Linux, ambayo huweza kuanza kwa kutumia chini ya gigabaiti moja na kuacha nafasi iliyobaki kwa kazi.

Swali la tatu: Umeme na mtandao vikoje? Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, faili laweza kuharibika katika mfumo wowote. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba inahitaji kifaa hicho kabla ya kuhitaji mfumo mpya. Kuhusu mtandao, masahihisho ya mfumo wowote hutumia data, na data hununuliwa. Katika Windows mtumiaji afundishwe kuutambulisha mtandao wa simu kuwa ni wa kupimwa, ili mfumo usipakue vitu vikubwa bila ya kumwuliza. Katika Linux Mint huonyeshwa orodha ya masahihisho, naye huchagua saa ya kuyapakua.

Swali la nne: Nani atasaidia baadaye? Swali hili husahauliwa kuliko yote. Kutoka Sumbawanga hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 200, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 1,000. Mwanafunzi hodari akiweka mfumo mpya kwa jirani yake mwezi Aprili, kisha akachaguliwa kwenda shule au chuo cha mbali, jirani atabaki na chombo ambacho fundi wa mtaani hakijui. Pengine fundi atafanya analolijua: atafuta kila kitu na kuweka Windows isiyo na leseni. Mzunguko utakuwa umerudi mahali pa kuanzia, na mafaili yatakuwa yamepotea njiani.

MIFANO MITATU

Chukua mfano wa mwenye duka la steshenari. Hupokea barua zilizoandikwa na wateja katika Word na huzichapa. Akifungua barua hiyo katika LibreOffice, huenda mistari ikahama na ukurasa mmoja ukawa miwili, hasa ikiwa herufi zilizotumika hazimo katika kompyuta yake. Yapo maumbo ya herufi yaitwayo Liberation, yaliyopimwa upana sawa na ya Times New Roman na Arial, nayo hupunguza tatizo hilo, ingawa hayalimalizi. Kwake yeye ukurasa uliohama ni mteja aliyelalamika. Kama kompyuta yake yaweza kupokea Windows 11 yenye leseni, huo ndio ushauri wa busara. Kama haiwezi, atenge kompyuta moja ya Linux kwa ajili ya kufungulia na kukagua flashi za wateja, kwa kuwa virusi vilivyoandikwa kwa Windows kwa kawaida haviwezi kujiendesha humo.

Mfano wa pili ni wa mwalimu mstaafu anayeandika kumbukumbu zake, kusoma magazeti na kuongea kwa video na watoto wake walio mbali. Ana kompyuta ya mwaka 2013. Kazi zake zote zinafanyika vizuri katika Linux. Mtu kama huyu akishauriwa kununua kompyuta mpya kwa sababu tu ya tarehe ya Oktoba 2025, atakuwa ameshauriwa vibaya.

Mfano wa tatu ni wa maabara ya shule yenye kompyuta kumi na tano zilizotolewa msaada, za aina mbalimbali. Hapa Linux ina faida kubwa. Faili la kuisimika lina ukubwa wa gigabaiti 3 hivi. Hupakuliwa mara moja tu, likawekwa katika flashi, na kutumiwa katika kompyuta zote. Wanafunzi wataona sura moja katika kila meza. Lakini kompyuta moja au mbili zibaki na Windows yenye leseni, kwa sababu wanafunzi watakutana nayo kazini.

MAFUNZO YA MBALI NA YA KARIBU

Miji na majeshi makubwa yamepita njia hii. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mnamo 2003 kuachana na Windows, na kufikia mwaka 2013 ulikuwa umehamishia Linux kompyuta zaidi ya 14,000. Hata hivyo mwaka 2017 baraza la mji liliamua kurudi Windows, baada ya malalamiko ya watumishi, ya kubadilishana nyaraka na ofisi nyingine, na mabishano ya kisiasa.

Jeshi la askari wa Gendarmerie la Ufaransa lilianza kwa njia nyingine. Mwaka 2005 liliwapa askari OpenOffice wakiwa bado ndani ya Windows. Baadaye likabadilisha kivinjari na programu ya barua. Ilipofika 2008, ndipo lilipoanza kuweka Ubuntu, na askari wakakuta programu walizokwisha kuzizoea. Mabadiliko hayo yalidumu, yakaenea katika makumi ya maelfu ya kompyuta. Funzo kwa msaidizi wa Chanji ni jepesi: badilisha programu kwanza, mfumo baadaye. Mtumiaji aliyetumia LibreOffice ndani ya Windows kwa miezi mitatu hatatishika akiikuta ndani ya Linux. Na akishindwa, hajapoteza kitu.

Tanzania nayo ina historia yake. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuziingiza hesabu za Serikali katika kompyuta haukufanikiwa na ulileta hasara, hata mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden waliendesha mradi wa Kilinux, na Desemba mwaka huo ikatolewa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye maagizo ya Kiswahili. Matukio hayo mawili, yakitazamwa pamoja, yanaonyesha kwamba chombo huenda vizuri pale watu wanaokitumia wanapoandaliwa, na lugha yao ni sehemu ya maandalizi hayo.

UTARATIBU WA KAZI

Msaidizi akisharidhika kwamba kubadili mfumo kunafaa, afuate hatua hizi kwa mpangilio.

1. Atoe nakala za akiba za mafaili yote katika diski ya nje, kisha afungue baadhi ya nakala hizo katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha zinasomeka. Nakala isiyojaribiwa si nakala.

2. Aanzishe Linux kutoka kwenye flashi ya gigabaiti 8 bila ya kugusa diski ya ndani. Mfumo utafanya kazi polepole kidogo, lakini utaonyesha kama sauti, mtandao na kioo vinafanya kazi.

3. Aunganishe printa ya mtumiaji, ile ile, na kuchapa ukurasa mmoja.

4. Mtumiaji mwenyewe afungue mafaili yake matatu anayoyatumia sana. Msaidizi anyamaze na kutazama.

5. Majaribio yote yakifaulu, na mwenye kompyuta akikubali, ndipo mfumo usimikwe. Diski ikiwa na nafasi, Windows yaweza kubakizwa kando kwa muda.

6. Aandike karatasi moja kwa Kiswahili chepesi: namna ya kuwasha na kuzima, mahali mafaili yalipo, namna ya kupokea masahihisho, na jina la mtu wa kuulizwa. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani karibu na kompyuta.

Hatua ya tano inataja kukubali kwa mwenye kompyuta, na hilo si adabu tu. Msaidizi anayebadilisha mfumo wa mtu kwa sababu yeye mwenyewe anaupenda amejichagulia kwa kutumia chombo cha mwingine.

HITIMISHO

Tarehe ya Oktoba 2025 si ya mwisho wa namna yake. Windows XP iliachwa Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na matoleo ya leo, ya Windows na ya Linux vilevile, yana tarehe zake. Mji ulio mbali na maduka makubwa hauwezi kununua kompyuta mpya kila tarehe kama hiyo inapofika. Unaweza, lakini, kuwa na watu wanaojua kupima, kuuliza na kutunza nakala.

Kwa sababu hiyo msaada wa kompyuta usiwe kazi ya kijana mmoja hodari. Klabu ya sayansi ya shule ya sekondari yaweza kuibeba: wanafunzi wa kidato cha tatu wakawafundisha wa kidato cha kwanza kila mwaka, daftari la klabu likaandikwa ni kompyuta ipi imewekewa mfumo gani na lini, na nakala moja ya Linux ikatunzwa shuleni. Mwanafunzi akihitimu na kuondoka, daftari hubaki. Mwenye duka la Chanji atakapokuja na kompyuta yake isiyowaka, atamkuta mtu.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

(a) Pima kwa saa muda unaopita tangu kompyuta kuwashwa hadi kivinjari kufunguka. Rudia mara tano na upate wastani. Linganisha kompyuta yenye diski ya sumaku na yenye diski ya silikoni.

(b) Diski fulani huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Tafuta muda wa mzunguko mmoja, na wastani wa muda ambao kichwa cha kusomea husubiri.

(c) Waulize watumiaji watatu wa kompyuta maswali manne yaliyoelezwa hapo juu. Kwa kila mmoja andika ushauri wako pamoja na sababu zake, kisha mwalimu aongoze majadiliano darasani.